Nani Yuko Macho

Kitanda cha mtoto kilitoka kwa fundi wa Keko siku ya Jumamosi, wiki mbili kabla ya mtoto kuzaliwa, kimefungwa kamba juu ya kirikuu pamoja na makochi ya mtu mwingine aliyekuwa anahamia Tabata. Mbao za mninga, fito 12 kila ubavu, vanishi bado inanuka. Nilikitafutia mahali mbali na dirisha, nikakitingisha kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Nikajiona baba kamili kabla hata sijawa baba.

Mtoto hakulala humo usiku wa kwanza, wala wa pili, wala wa kumi na moja, ambao ndio nataka kuusimulia.

Kila aliyewahi kulea anaijua safari ile. Mtoto ananyonya mpaka anasinzia, mdomo wazi, tone la maziwa limeganda pembeni. Unamcheulisha. Unasubiri mpaka mkono wake ulegee kabisa, uanguke ukiuinua. Unanyanyuka taratibu, magoti yanalia, unanong'ona bismillahi, unainama juu ya fito na kumshusha kama mtu anayeshusha trei ya mayai. Makalio yanagusa shuka. Mgongo unagusa. Kichwa kinakaribia, na hapo hapo mikono yote miwili inaruka hewani, vidole vimetanuka, kama mtu aliyeteleza juu ya mnazi. Macho yanafumbuka. Halafu kilio, kile kilio chembamba cha mtoto mchanga kisichopita hata mlango lakini kinachopita mfupa wa mama yake.

Usiku ule tulikuwa tumemshusha mara sita. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga imefungwa kifuani, macho mekundu, hana hata nguvu ya kunilaumu. Mama mdogo wake, aliyetoka Pangani kuja kumkanda na kumhudumia mpaka arobaini iishe, alikuwa chini kwenye mkeka akitutazama kama mtu anayeangalia watoto wakijenga nyumba ya mchanga.

"Mume wangu hataki kulala peke yake," alisema, akimaanisha mtoto, maana kwa utani wa bibi na mjukuu yeye ndiye mke mkubwa. "Na wewe baba unashangaa? Una miaka thelathini na tatu, ndevu hizo, na bado hupendi kulala peke yako. Huyu ana siku kumi na moja."

Sikuwa na la kujibu. Mimi mwenyewe wiki hizo nilikuwa nimehamishiwa sebuleni, kama desturi inavyotaka, kwenye godoro la sponji lililotandikwa kati ya meza na friji. Nilikuwa silali. Nilikuwa nageuka huku na huku nikisikiliza friji likikoroma, nikimsubiri mtoto alie ili nipate sababu ya kurudi chumbani.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiligeuzageuza neno moja. Kiswahili hakiishii kusema kwamba mtoto mchanga hulala, kinasema pia hulazwa. Mtu mzima hulala, mtoto hulazwa, mgonjwa hulazwa. Kuna mtu mwingine ndani ya kitendo kile, mwenye mikono, na sarufi haikubali kumtoa. Shuleni tulikaririshwa mahitaji ya msingi ya binadamu, chakula, mavazi na malazi, nasi tuliimba kwa pamoja bila kuuliza. Nikiwa mtoto nilidhani malazi ni bati na tofali. Neno lenyewe ni mwana wa kulala: malazi ni pale mtu anapoweza kujilaza. Sasa mtu wa siku 11, ambaye shingo yake haibebi kichwa chake, ambaye hajui kwamba dari ni dari, malazi yake ni nini? Nilikuwa nimemnunulia ya mninga. Yeye alikuwa na yake tayari, yenye joto, yenye mapigo ya moyo, alimokuwa amekaa miezi tisa na kodi yake imelipwa.

(Lipo pia neno mlalahoi, ambalo siasa imelichukua na kulipa maana ya umaskini. Nashauri lirudishwe nyumbani kwa muda. Hakuna mlalahoi kama mzazi wa wiki ya pili, hata akiwa na nyumba Masaki.)

Mtu mwenye simu saa nane usiku husoma kila kitu, na mimi nilisoma. Nilijifunza kwamba ile mikono inayoruka ina jina la daktari: Ernst Moro wa Heidelberg, aliyeieleza mwaka 1918. Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba yeye hakuiona kama mshtuko tu. Aliona mikono ikitanuka, kisha ikirudi kifuani na kujikunja, akaiita kwa Kijerumani jina lenye maana ya kukumbatia. Kwa maoni yake mtoto anayedhani anadondoka hajikingi, anatafuta wa kumshika. Nilikuwa nimeuona mwendo ule mara sita usiku mmoja na kila mara niliuona nusu tu, ile nusu ya kutanuka, kwa sababu mtoto alikuwa keshapakatwa kabla nusu ya pili haijaisha.

Nikasoma habari za sungura. Sungura jike huwaacha wanawe shimoni, amewafunika manyoya yake mwenyewe, na huenda kuwanyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu hadi tano hivi, kisha anaondoka zake. Maziwa yake ni mazito kwa mafuta na protini ili yafike kesho. Na watoto wanakaa kimya, maana shimoni kelele humwita adui. Maziwa ya binadamu ni mepesi, mafuta kama asilimia 4 na protini kama asilimia 1, maziwa ya kunywewa kidogo kidogo usiku na mchana. Ni chakula cha mtoto ambaye mama yake hakutarajiwa kwenda mbali. Ukiyaangalia maziwa tu, bila kumwona mama wala mtoto, unaweza kubashiri kwamba viumbe hawa wawili wanalala karibu. Kimya cha mtoto wa sungura na kilio cha mtoto wangu ni akili ile ile: kila mmoja anafanya kinachomweka hai kwa jinsi mama yake alivyoumbwa.

Mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, Adolf Portmann, aliandika katika miaka ya 1940 kwamba binadamu huzaliwa kabla ya siku zake, na kwamba mwaka wake wa kwanza ni kama mimba inayoendelea nje ya tumbo. Ubongo wa mtoto anayezaliwa haufiki theluthi moja ya ule wa mtu mzima. Ndama anasimama siku ile ile, wetu anaangaliwa kama utosi unapiga vizuri. Mama mdogo hakumsoma Portmann, lakini alipoona natafuta mahali pa kumweka mtoto aliniambia, "Mbona hajatoka bado huyu? Amebadilisha upande tu."

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ulifanywa na watu wa taasisi ya RIKEN ya Japani na kutangazwa mwaka 2022. Walichukua watoto wachanga 21 na mama zao, wakapima mapigo ya moyo wa mtoto huku mama akitembea naye, akiketi naye, akimlaza. Waliona kwamba kutembea naye dakika tano bila kusimamasimama hutuliza wengi. Kumshusha mara tu anaposinzia humwamsha. Ukiketi naye dakika tano hadi nane nyingine kwanza, nafasi ya kubaki usingizini inaongezeka. Haya nimeyajaribu na yana faida, ingawa mtoto wangu hakuusoma utafiti wote. Kisha wakauliza: anaamshwa na nini hasa? Kila mtu angesema godoro, ubaridi wa shuka. Mapigo ya moyo yalionyesha vingine. Yanabadilika mapema zaidi, pale tumbo la mtoto linapoanza kubanduka kwenye mwili wa mama. Kabla hajaguswa na chochote, ameshajua kwamba anaachwa.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, mtoto akiwa kifuani kwangu, na nikakubali kwamba vanishi ya Keko haikuwa na kosa.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alikuja kumtazama mzazi akaleta kuku na methali. Kuku tulimshukuru. Methali ilikuwa ile ile ambayo kila mzazi mpya huipata bure: mchelea mwana kulia hulia yeye. "Mnamzoesha mikono," alisema. "Mtakuja kujuta. Mwacheni alie, mapafu yapanuke."

Naiheshimu methali hiyo, na nina hakika nitaihitaji siku mtoto huyu atakapodai simu yangu akiwa mezani. Ila ni methali ya mtoto anayejua kwamba kilio ni fimbo. Kumdekeza mtu kunataka awe na hila, na hila inataka ajue kwamba wewe ni mwingine, una moyo wako, na moyo huo unaweza kuchezewa. Mtoto wa siku 11 hajui hata kwamba mkono unaomparura uso ni wake. Akilia hajaribu kukushinda. Hana habari kwamba kuna mashindano.

Zipo nchi zilizoichukua hofu ya jirani yangu na kuifanya elimu. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, John B. Watson, alitoa kitabu cha malezi akiwashauri wazazi wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata, na asubuhi wawape mkono wa salamu. Najaribu kuwaza mtoto wangu akinyoosha mkono asubuhi, nami nampa wangu, habari za usiku mheshimiwa. Hata sisi tunaodai shikamoo hatujafika huko.

Jibu la hofu hiyo, au sehemu yake, lilitoka kwa jirani zetu Uganda. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyemfuata mumewe Kampala mwaka 1954, alipata kazi ya kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji, akiketi na akina mama wa Kiganda na kuangalia tu: nani analia, nani anambeba, mtoto anakwenda wapi akitambaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliwaona watoto wanaotambaa kutoka kwa mama, wakachungulia mgeni au kuku uani, wakageuka kuhakikisha mama yupo pale pale, kisha wakaenda mbali zaidi. Waliokuwa na uhakika wa kurudi ndio walioondoka. Aliyeshikwa vizuri hang'ang'anii. Nilimweleza jirani habari hii kwa kirefu. Akasema, "Sawa, lakini mke wako ameenda chooni saa ngapi mara ya mwisho?" Na hapo akawa amesema jambo lenye uzito kuliko methali yake, ila mimi nilihitaji wiki nyingine kulielewa.

Kwa nini basi kulala peke yake kunamtisha kiumbe asiyejua hata neno la hatari? Nimekuja kuamini kwamba usingizi wenyewe ndio mgumu, na sisi tumeuzoea tu. Wazee husema usingizi ni nusu ya kifo, na Suratul Zumar inaziweka roho za wanaokufa na za wanaolala katika aya moja, zote zimechukuliwa, moja inazuiliwa, nyingine inarudishwa. Kulala ni kuweka chini kila silaha: macho, masikio, miguu. Hakuna mwenye akili anayefanya hivyo katikati ya barabara. Tunalala kwa sababu tunaamini kwamba wakati sisi hatupo, yupo aliye macho.

Na kweli yupo. Nilimjua nikiwa na mtoto begani saa tisa za usiku, nikitembea sebuleni hatua nane kwenda, hatua nane kurudi. Mlinzi wa ghorofa la pili akipiga filimbi kila baada ya muda, akimjibu mwenzake wa mtaa wa nyuma. Mwanga kwenye kiwanda cha mikate. Lori la mchanga likibadili gia mlimani. Mahali fulani muuguzi wa zamu anapitisha tochi vitandani. Kisha jogoo mwenye haraka, kisha mwadhini anagonga kipaza sauti kabla ya kuadhini. Miaka yote nilikuwa nalala juu ya mabega ya watu hawa na nikijiita mtu ninayelala mwenyewe. Wanafalsafa wanapenda kumkumbuka Descartes, majira ya baridi ya mwaka 1619, amejifungia peke yake katika chumba chenye jiko la kupasha joto, akianza fikra zake upya bila kumtegemea mtu. Mimi siku hizi nawaza zaidi juu ya jiko. Nani alilichochea?

Mama mdogo alikuwa akimsomea mtoto Ayatul Kursiy kabla ya kulala, kiganja juu ya utosi. Nimeisikia aya ile tangu utotoni, lakini sikuwahi kugundua kwamba mara tu baada ya kutaja uhai wa Mungu inataja kwamba hashikwi na kusinzia wala usingizi. Wakristo wanalo jambo hilo hilo katika Zaburi ya 121, mlinzi asiyelala. Watu wa jangwani na wa milimani, walipotaka kueleza Mungu ni nani, walisema kwanza: yule aliye macho. Nadhani mtoto wangu angewaelewa.

Lakini mimi si Mungu, na hapa ndipo habari yangu inapokuwa mbaya.

Ilikuwa wiki ya nne. Mke wangu alikuwa ameshikwa na homa ya titi, mama mdogo amechoka, nikasema leo mwacheni kwangu, atakuja kunyonya tu. Nilitembea. Niliketi kwenye kochi dakika nane kama Wajapani wanavyotaka. Nikasema niongeze mbili. Niliposhtuka, feni ilikuwa imezimika, umeme umekatika, giza tupu, na kifua changu kilikuwa chepesi. Mtoto alikuwa ameteleza. Nilimkuta kwa kupapasa, kati ya mkono wangu na mto wa kochi, uso umeelekea kitambaa, shingo imekunjwa. Nilimnyanyua kwa nguvu kiasi kwamba akalia, na sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Mikono yangu ilitetemeka mpaka adhana.

Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuambia yote haya tangu wiki ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayerudia mara ya elfu: mtoto alale chali, godoro liwe gumu na sawa, pasiwe na mto wala blanketi zito, awe chumba kimoja na mama lakini mahali pake pa kulala, na kochi kamwe. Si maneno ya kutisha watu bure. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mama mdogo alitaka kifudifudi kwa ajili ya chango, mke wangu akakataa, na nyumba ikawa na vita baridi siku mbili mpaka ikapatikana suluhu: kifudifudi kifuani kwa mtu aliye macho, chali kwingine kote. Mkataba mzuri. Mimi ndiye niliyeuvunja, kwa kuacha kuwa macho.

Kiswahili kina neno kwa kilichokaribia kutokea. Kumlalia. Herufi mbili tu zimeongezwa kwenye kulala.

Asubuhi ile nilikumbuka hukumu ya Mfalme Suleimani. Kila mtu anakumbuka upanga, mtoto wa kukatwa vipande viwili, mama wa kweli akilia aachwe hai. Wachache wanakumbuka kisa kilianzaje. Kiko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya tatu: wanawake wawili wamejifungua kwa tofauti ya siku tatu, na mmoja amemlalia mwanawe usiku akafa. Upanga wote ule umetokana na usingizi wa mzazi. Nilikifungua nikakisoma upya, na nikakutana na maelezo ambayo miaka yote nilikuwa nayapita. Mwanamke anayesimulia anasisitiza kwa mfalme kwamba nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Wawili wao tu.

Anaitaja kama jambo la ushahidi, kwamba hakuna shahidi. Mimi niliisoma kama sababu ya kifo. Walikuwa makahaba, hakuna mama mdogo aliyetoka Pangani ya kwao na kanga na mafuta ya nazi. Hakuna aliyewapikia uji wa pilipili manga. Wazazi wawili wa juma moja, kila mmoja na mtoto asiyekubali kulala peke yake, na mwili unaodai usingizi kama deni. Mfalme aligundua nani ni mama. Hakuna aliyeuliza zamu ya usiku ule ilikuwa ya nani.

Hapo ndipo nilipomwelewa jirani na swali lake la choo. Tulikuwa tumebishana juu ya mtoto, kama aachwe peke yake au asiachwe, wakati aliyekuwa ameachwa peke yake ni mama. Mtoto halali peke yake, sawa. Basi nani analala na nani anakesha? Arobaini, ambayo mimi niliiona kama mila ya kuninyima kitanda changu, ilikuwa ratiba. Mtu wa kukanda, mtu wa kupika, mtu wa kumpokea mtoto alfajiri ili mzazi apate saa mbili za usingizi mzito. Sisemi kila kilichomo ndani yake ni dhahabu. Kifudifudi na maji ya sukari vilikuwamo pia. Wala si kweli kwamba zamani wote walikuwa nayo. Wapo waliojifungulia kwa wenye chuki, na wapo wanaopanga chumba kimoja Manzese na hawana ndugu karibu zaidi ya Kigoma.

Hospitali zimelijua hili kwa njia yao. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, akiwa hana mashine za joto za kutosha, aliwafunga watoto waliozaliwa kabla ya wakati vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza watengemae, walikufa pungufu kwa asilimia 25. Walikaa kifuani kama saa 17 kwa siku. Saa 17! Hesabu hiyo haimwingii mama mmoja, na watafiti walilijua, ndiyo maana familia iliteua mtu wa pili wa kupokezana naye, bibi, dada, yeyote mwenye kifua. Wale ni watoto wa gramu 1,000 hadi 1,800 kasoro na wangu alikuwa wa kilo tatu na robo, siwafananishi. Naangalia tu kwamba hata dawa, ikitaka kufanya kazi, ilibidi ipangiwe zamu.

Siku ya 41 mama mdogo alifunga mabegi. Nilimpeleka stendi ya Mbezi, nikamtafutia siti ya dirishani. "Mume wangu umwangalie," alisema. Kisha akafikiri, akaongeza, "Na mkeo alale."

Nilirudi chumbani na godoro langu la sponji likaenda uvunguni. Tukabaki watatu, na kitanda cha mninga ambacho sasa kilikuwa kimejaa nepi safi, kanga na kifurushi cha mafuta ya nazi. Wiki iliyofuata nilimpigia fundi wa Keko nikamwomba aje na msumeno.

Alifika jioni, akakizunguka kitanda chake kama mtu anayemtambua ndugu aliyekonda. Nilimweleza: ubavu mmoja utoke wote, kitanda kisogezwe kiungane na chetu, kifungwe kisisogee, magodoro yalingane kimo na kusibaki pengo hata la kidole. Mtoto awe na mahali pake, chali, na mkono wetu umfikie bila mtu kunyanyuka.

"Kitanda bila ubavu ni benchi, bosi," alisema.

Nikamuuliza watoto wake wamelala vitanda vya namna gani, maana miaka yote anatengeneza hivi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ana wanne. "Hakuna hata mmoja aliyelala kwenye kitanda chake. Hivi ni vya kuuza."

Akapiga magoti, akatoa penseli nyuma ya sikio, akapima kimo cha kitanda chetu mara mbili. Mke wangu alikuwa amelala fofofo upande wa ukutani, mdomo wazi kama mwanawe. Mtoto alikuwa begani kwangu, analambalamba kola ya shati.

"Tukifunge upande gani?" fundi aliuliza kwa kunong'ona. "Wa mama au wa baba?"

"Wa baba," nilisema, na akachora mstari.